Timu ya kiwanda imenitafuta, niache timu binafsi iliyonilea? Naombeni ushauri

fundi_mnyororo:
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana leo usiku wa tatu nageuka tu kitandani.

Mimi ni fundi wa pikipiki za mashindano, zile za sakiti za lami. Huu mwaka wa saba nipo na timu binafsi, darasa la superbike, timu ndogo, tupo watu tisa ukihesabu na mke wa bosi anayekimbizana na risiti. Tunanunua pikipiki ya dukani tunaijenga wenyewe. Hapa nafanya kila kitu, fremu mimi, gia mimi, lori naendesha kwa zamu, na usiku wenzangu wakilala nakaa na jamaa wa data ananionyesha kusoma telemetri, yaani takwimu zinazorekodiwa na pikipiki ikiwa mbioni. Mshahara upo, ila tarehe yake anaijua Mungu. Msimu uliopita sponsa alituchomolea katikati tukakaa miezi miwili kavu.

Sasa wiki iliyopita timu inayobebwa na kiwanda cha pikipiki wamenipigia. Hela karibu mara mbili, bima, safari kwa ndege. Ila kazi ni moja tu, magurudumu na breki, basi. Injini hugusi, anakuja mtu wa kiwandani na laptop yake na ukimsogelea sana anaifunga. Mkataba wa mwaka mmoja "unaoweza kuongezwa".

Bosi wangu ndiye aliyenifundisha hadi kushika spana ya torki, ile ya kupima nguvu ya kukaza bolti, nilikuja sijui lolote. Na raida wetu, yaani mpanda pikipiki, ni dogo anayepanda, kwenye mvua ameshawakaba hao hao wa kiwanda mara mbili. Nikiondoka sasa hivi naonekanaje?

Kiwandani kuna usalama kweli au ni jina tu? Na mtu ukishakuwa wa magurudumu huko unaweza kurudi kuwa fundi kamili? Waliopita hii njia waniambie.

SlickKavu:
Mshahara mara mbili, bima, ndege, halafu unakuja kuomba ushauri? Hayo ni kuuliza makofi polisi. Nenda.

MzeeWaPitLeni:
Kijana usimsikilize huyo hapo juu. Mimi nimefuatilia hizi mbio tangu enzi za pikipiki za cc 500 za mipigo miwili na kitu kimoja nimejifunza, kiwanda kikiamua kuondoka hakikuulizi. Suzuki walichukua ubingwa wa MotoGP, darasa la juu kabisa duniani, 2020 na raida Joan Mir, wakasaini kuendelea mpaka 2026, halafu Mei 2022 mafundi wanaambiwa mwisho wa msimu tunafunga. Siyo kwamba walikuwa wabovu, mbio ya mwisho kabisa Valencia raida wao Alex Rins alishinda! Watu wanashangilia ushindi huku kila mmoja anatafuta kazi kwenye simu.

Na kabla yao Kawasaki, Januari 2009, mdororo wa uchumi, wakatangaza wanatoka wakati msimu uko mlangoni. Ikabidi itengenezwe timu ya kuokoteza iitwe Hayate, pikipiki moja, raida mmoja Marco Melandri, maendeleo ya injini hamna. Na bado jamaa akamaliza wa pili Le Mans. Kwa hiyo ukisikia "kiwanda" usidhani ni nyumba ya zege. Kule uamuzi unafanywa na mtu wa mahesabu ambaye hajawahi kunusa petroli ya mbio.

KonaYaTatu:
Mzee heshima yako ila umesimulia upande mmoja. Timu binafsi nazo zinakufa, tena kimya kimya. Petronas SRT mwaka 2020 ilishinda mbio sita za MotoGP, tatu Quartararo tatu Morbidelli, na Morbidelli akamaliza wa pili kwenye ubingwa akiwa na Yamaha ya zamani kuliko za wenzake. Mwaka uliofuata sponsa akaondoka, timu ikavunjwa. Ikazaliwa RNF, ikakaa na Yamaha, ikahamia Aprilia, mwisho wa 2023 ikapoteza nafasi yake, wakaingia Wamarekani wa Trackhouse. Hesabu mwenyewe, miaka mitatu majina matatu.

Na mleta mada mwenyewe amesema alikaa miezi miwili bila mshahara. Suzuki walipoondoka walimaliza msimu na kila mtu alijua mwisho ni lini. Sponsa wa timu ndogo anakata simu tu.

raida_mstaafu:
Nani amekwambia ukiwa wa magurudumu umeshuka? Niliwahi kuanguka spidi kubwa kwa sababu ya breki iliyofungwa na mtu aliyechoka, alikuwa ameendesha lori usiku kucha halafu asubuhi ndiye anafunga kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki. Timu ndogo hiyo, wala simlaumu, walikuwa wanne. Mtu mmoja kazi moja kuna sababu yake. Ukikabidhiwa breki umekabidhiwa roho ya mtu.

bi_telemetri:
Nimefanya kazi ya data pande zote mbili ngoja niseme, samahani itakuwa ndefu.

Hili neno "timu ya kiwanda" linawachanganya watu. Kwenye superbike mara nyingi timu ya kiwanda ni kampuni binafsi iliyovaa nguo za kiwanda. Jonathan Rea alichukua mataji sita mfululizo na Kawasaki, 2015 hadi 2020, timu ilikuwa inaendeshwa na Provec, kampuni ya Hispania. BMW walipochukua ubingwa 2024 na Toprak Razgatlıoğlu, timu iliendeshwa na Shaun Muir Racing ya Uingereza. Yaani fundi anavaa nembo ya kiwanda kifuani lakini anayemlipa ni mtu mwingine. Kiwanda kikihama mwajiri wako anabaki na gereji na lori, anaanza kutafuta kiwanda kingine, na wewe unasubiri naye.

Upande wa pili MotoGP timu binafsi haimiliki pikipiki, inakodi. Msimu ukiisha mashine zinarudi kwa wenyewe. Pale kwenye boksi utakuta wahandisi wametumwa na kiwanda, na data zote zinakwenda kiwandani usiku huo huo. Kwa hiyo ubinafsi wao uko kwenye hati za kampuni, rangi ya pikipiki na bili ya hoteli. Kitu cha kuangalia ni je, wanapewa mashine ya mwaka huu au ya mwaka jana, na kipuri kipya wanapata siku moja na wakubwa au baada ya mbio tatu? Toni Elías alishinda sakiti ya Estoril 2006 na Honda ya timu binafsi Gresini, tofauti sekunde 0.002 na Rossi, baada ya hapo timu binafsi hazikushinda tena mpaka Jack Miller Assen 2016! Karibu miaka kumi. Raida wazuri walikuwepo miaka yote hiyo. Kilichosaidia ni kwamba 2016 kila mtu alilazimishwa kutumia kompyuta ya injini ya aina moja na programu moja, halafu Ducati wakaanza kuwapa timu binafsi ya Pramac mashine sawa na zao. Matokeo yake 2023 Pramac wakachukua ubingwa wa timu na 2024 Jorge Martín akachukua wa raida, wa kwanza kutoka timu binafsi tangu darasa liitwe MotoGP 2002. Alimpita Bagnaia wa kiwandani kwa pointi 10.

Na alilipwa nini? Kiti cha Ducati ya kiwanda akapewa Marc Márquez. Bingwa akahamia Aprilia, Pramac wenyewe wakahamia Yamaha. Huo ndio mpaka wenyewe, kushinda unaruhusiwa ila maamuzi siyo yako.

Kwa hiyo swali langu kwako ndugu yangu, mkataba wako unasainiwa na nani hasa? Jina gani lipo chini ya karatasi? Kauliza hilo kabla ya kuuliza mshahara.

fundi_mnyororo:
Dada asante sana, hilo sikuwahi kuliwaza kabisa. Niliona nembo kwenye barua pepe nikachanganyikiwa. Nauliza kesho.

@raida_mstaafu kaka pole sana, na umenigusa, mimi nimeshafunga breki nikiwa sijalala zaidi ya mara moja. Hilo sikuliandika mwanzo kwa aibu.

Wasiwasi_wa_Lami:
Zamani ilikuwa raha, mtu anapakia pikipiki kwenye gari anaenda kushinda dunia. Jon Ekerold wa Afrika Kusini 1980 alichukua ubingwa wa dunia wa darasa la cc 350 kwa hela zake na fremu ya Bimota yenye injini ya Yamaha, akamshinda Toni Mang wa Kawasaki kwenye mbio ya mwisho Nürburgring.

SlickKavu:
1980 😂 hata babu alikuwa kijana

MzeeWaPitLeni:
Babu ndiyo mimi, na nilikuwa kijana, sasa?

KonaYaTatu:
Tuache utani, kuna swali lake la pili hamjajibu, kama mtu anaweza kurudi. Mfuatilieni Frankie Carchedi. Alikuwa fundi mkuu wa Joan Mir pale Suzuki mwaka ule wa ubingwa. Suzuki wakafunga, akahamia Gresini, timu binafsi ambayo mwanzilishi wake Fausto alifariki kwa korona 2021 na mjane wake Nadia Padovani akaishika. Msimu wa kwanza pale akiwa na raida Di Giannantonio wakashinda Qatar 2023. Msimu unaofuata nani anafungua mlango? Marc Márquez, ameacha kiti cha Honda ya kiwanda na mkataba ulikuwa bado na mwaka mmoja, anakuja kupanda Ducati ya mwaka uliopita. Wakashinda Aragón, siku 1,043 tangu ushindi wa mwisho wa Márquez.

Kwa hiyo njia ni ya pande zote mbili. Ila ona, Carchedi hakuhama na nembo, alihama na kichwa chake. Wewe ukienda huko ukafunga magurudumu mwaka mzima bila kuuliza chochote utarudi na kofia tu.

bi_telemetri:
Hapo kweli. Na ongeza hili kwenye maswali yako, hicho kiwanda sasa hivi kinashinda au kinahangaika? MotoGP tangu 2024 viwanda vimepangwa makundi manne kwa pointi, A mpaka D. Wa A wananyimwa vitu, wa D wanapewa nafuu, wanaweza kufanya majaribio hata na raida wao wakuu. Honda na Yamaha walianzia D. Kwa raida ni neema, kwa fundi maana yake mbio zikiisha hurudi nyumbani, unaenda kwenye majaribio. Superbike kanuni zao ni tofauti ila hali inafanana, kiwanda kinachohangaika kinataka watu wake sakiti kila wiki. Uliza siku za majaribio ni ngapi kwa mwaka na kama zinalipwa.

mama_wa_raida:
Mimi mwanangu anakimbia na timu ndogo kama yako. Fundi wake aliondoka mwaka juzi bila kuaga, tulimkuta kwenye picha na sare mpya. Mtoto alilia. Ukienda nenda, hamna atakayekulaumu, lakini mwambie huyo dogo mwenyewe kwa mdomo wako asisikie kwa watu.

fundi_mnyororo:
Mrejesho wakuu.

Nimeuliza. Mkataba siyo wa kiwanda, ni wa kampuni inayoendesha timu kama dada alivyosema, na makubaliano yao na kiwanda ni ya msimu kwa msimu. Siku za majaribio kumi na nne, nilipouliza malipo jamaa akakaa kimya kidogo akasema "tutaziangalia". Nimemwambia aziangalie kabla sijasaini. Pia nimeomba kwenye karatasi iandikwe kwamba nitaruhusiwa kukaa kwenye kikao cha data baada ya kila mazoezi, hata kama sifungui mdomo. Hili wamekubali, hadi nimeshangaa.

Dogo nimemwambia jana. Aliniuliza kitu kimoja tu, nani atamfungia breki. Nimemwambia nitamfundisha mtu kabla sijaondoka na nitakaa naye raundi mbili.

Bosi ndiyo nilikuwa namwogopa. Kanisikiliza mpaka mwisho halafu kasema nenda, ukichoka rudi, ila ile spana ya torki iache hapa. Sasa wakuu, spana ile nilinunua kwa hela yangu mwaka wa pili, yeye nadhani amesahau. Nimkumbushe au niiache tu?

MzeeWaPitLeni:
Iache.

SlickKavu:
Chukua spana yako mkuu 😂