Makachero wamnase vipi mtega mabomu? Nimekwama kwenye riwaya

KalamuYaPongwe:
Wakuu habari za jioni. Naandika riwaya ya kipelelezi, natuma sehemu kidogo kidogo kwenye kundi letu la WhatsApp. Kuna jamaa anatega mabomu mjini miaka nenda rudi. Makachero wangu wamehoji watu mpaka soli za viatu zimeisha. Wasomaji wanataka akamatwe, na mimi sitaki ule mtindo wa kachero kumtazama mtu machoni akajua ndiye. Kwa kweli watu hawa hunaswaje?

MtotoWaTemeke:
Weka kamera za barabarani mkuu, au mkewe amchome polisi. Ukimaliza tutumie na sisi.

BiMasijala:
Mwanangu, huyo wa juu usimsikilize. Mimi nimestaafu nikiwa karani wa masijala, na kisa nikipendacho ni cha George Metesky, mtega mabomu wa New York, maana aliyemfichua ni karani mwenzangu.

Metesky aliumia mwaka 1931 kwenye mtambo wa umeme, gesi ya moto ikamharibu mapafu. Akadai fidia, akaambiwa kachelewa. Akaandika barua juu ya barua. Novemba 1940 akaacha bomu dirishani mwa jengo la kampuni ya umeme, Consolidated Edison, pamoja na kikaratasi cha kuwaita wezi. Halikulipuka. Marekani ilipoingia vitani akawaandikia polisi kwamba anasitisha mpaka vita viishe, kwa uzalendo! Mwaka 1951 akarudi: stesheni ya Grand Central, maktaba, majumba ya sinema. Huko sinema alichana kiti kwa kisu na kuchomeka bomu ndani. Yote pamoja alitega 33, yakalipuka 22, watu 15 wakaumia. Ni Mungu tu hakuna aliyekufa.

Polisi walikuwa na vipande vya mabomba, soksi za sufu alizobebea mabomu, na barua za herufi kubwa zilizosainiwa F.P., kifupi cha Fair Play, yaani kutendeana haki. Kwamba ana kinyongo na kampuni ya umeme walilijua mapema. Sasa jiulize, jalada lake lilikuwa wapi muda wote huo? Kabatini. Kampuni ile ilizaliwa na makampuni madogo yaliyounganishwa, na yeye alikuwa ameajiriwa na mojawapo.

Kila masijala ina mlalamishi wake. Jalada nene, limefungwa kwa utepe. Folio ya kwanza, yaani karatasi ya kwanza jaladani, anaandika kwa adabu, "Ndugu Meneja, rejea mazungumzo yetu." Ukifika katikati anapigia mstari kila neno na kalamu imetoboa karatasi. Sisi makarani tunamjua kwa mwandiko kabla hatujasoma jina.

Desemba 1956 gazeti la Journal-American likamwandikia barua ya wazi, polisi wakijua. Akajibu, tena akataja hadi tarehe aliyoumia. Januari 1957 karani wa kampuni ile ya umeme, Alice Kelly, alikuwa akipekua majalada ya fidia ya wafanyakazi waliowahi kutoa vitisho. Akakuta moja lenye alama nyekundu na maneno yaleyale ya gazetini: dhuluma, ulemavu wa kudumu. Anwani ni Waterbury, Connecticut. Tarehe 21 usiku polisi wakagonga, akawafungulia akiwa na pajama.

KalamuYaPongwe:
Shikamoo mama. Lakini si kulikuwa na daktari wa akili aliyebashiri mpaka koti atakalovaa?

BiMasijala:
Marahaba. Dk. James Brussel. Kweli, Metesky alipoambiwa avae alitoka na koti la vifungo pande mbili, kalifunga vizuri. Kapera, fundi, vyote daktari alipatia. Lakini maelezo yaliyotoka gazetini yalisema ana miaka 40 hadi 50, kumbe ana 53. Halafu makapera mafundi wenye kinyongo ni wangapi? Huyo daktari mpe ukurasa mmoja, wasomaji watamfurahia, kisha urudi kwenye makabati.

WembeMkali:
Bi mkubwa, kwa heshima zote, nani atasoma sura nzima ya mtu anafungua mafaili?

BiMasijala:
Wewe hujawahi kutafuta jalada lililopotea huku mkurugenzi kasimama mlangoni. Kelly alilipata siku ya Ijumaa. Kalamu, mwandike karani wako Ijumaa saa kumi na nusu, wenzake wameshabeba mikoba, yeye kabakiza rundo la mwisho. Gazeti kalisoma asubuhi. Vumbi la majalada linamwasha pua. Analiona lile neno, anarudi folio moja nyuma, analiona tena. Sasa atamwambia nani kwanza, polisi au bosi wake? Maana barua ya kumnyima mtu yule fidia ina sahihi ya mkubwa fulani, na huenda mkubwa huyo bado yupo ghorofa ya juu.

KalamuYaPongwe:
Bosi. Na bosi atamwambia alirudishe kabatini mpaka Jumatatu. Sehemu inayofuata inakuja kesho usiku.