Mliowahi kutafuta wakili wa wosia na mirathi, tupeane uzoefu

MtotoWaMbagala: Wadau, salaam. Mzee wetu anataka kuandika wosia angali na nguvu zake. Wakili mwaminifu mlimpataje?

BintiSalma: Umenigusa pabaya. Baba alipofariki, baba mdogo alituletea "wakili" mwenye suti na muhuri, ofisi yake nyuma ya steshenari jirani na mahakama. Akataka hati halisi ya nyumba, eti akafungulie faili. Mama yuko eda, hana wa kushauriana naye, akaitoa. Baadaye simu ikawa haipokelewi. Nikaenda Mahakama ya Mwanzo, karani akapekua hadi mwisho: jina la baba halipo, shauri halijafunguliwa. Siku mpangaji alipopiga simu kwamba kuna watu wanapima kiwanja, miguu iliniisha nguvu. Hati ilikuwa imewekwa rehani kwa mkopeshaji.

Mzalendo_Kigamboni: Vishoka (mawakili feki) wamejaa pale nje ya mahakama.

Nyamizi: Dada Salma, hati mliipata?

BintiSalma: Tuliipata, kwa polisi na machozi. Kisha tukafungua mirathi wenyewe: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, kaka akateuliwa msimamizi. Wakili hatukumhitaji.

Kaka_Mkubwa: Usiwaambie watu hivyo! Sisi Wakristo tulianzia Mahakama ya Mwanzo, pingamizi likaja kwamba marehemu hakuishi kimila. Kule wanasikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Tukaanza upya mahakama ya juu. Wakili angetuambia mapema.

BintiSalma: Nimesimulia yetu, kaka. Sijamzuia mtu.

MzeeWaPwani: Kuandika wosia mtu yu mzima ni kujichulia.

Nyamizi: Shikamoo mzee. Wanaogombana ni tunaobaki. Marehemu mjomba hakuandika, leo watoto wake hawasalimiani.

UstadhJuma: Kwa Waislamu, wosia hauzidi theluthi ya mali, na mrithi haachiwi kitu kwa wosia. Wakili asiyejua hilo atawaandikia karatasi ya kugombania.

Mzalendo_Kigamboni: Mtoa mada, jina la wakili liingize kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Leseni yao inahuishwa kila mwaka. Kama haiko hai, ondoka. Na umpe nakala, hati halisi ibaki ndani.

Mama_Tatu: Mimi nilienda RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Wanaandika wosia na kuutunza wenyewe, shemeji hawezi kuufikia kabatini. Ila nendeni na mzee mwenyewe.

Kaka_Mkubwa: Mashahidi wasiwe warithi. Na mkiwa na shauri la mirathi Dar, kile kituo jumuishi cha Mahakama pale Temeke kipo kwa ajili ya mirathi na ndoa.

MtotoWaMbagala: Asanteni. Dada Salma, huyo wa muhuri, ofisi yake ilikuwa upande gani? Kuna mmoja ameshamwomba mzee hati.

BintiSalma: Usimpe! Njoo inbox sasa hivi.