Mfumo wa mikopo hauonekani nje ya jengo: nitaujaribuje?

Testa_Upperhill
Wakuu, salamu. Mimi ni testa kwenye sacco moja hapa Upper Hill. Tuko wawili tu, na mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Mfumo wetu wa mikopo unakaa kwenye seva ghorofa ya nne, anwani inaanza na 10.20, na nje ya jengo haufunguki. Ofisi imelipia huduma ya majaribio ya mtandaoni. Jana nilibandika anwani, nikabonyeza anza, nikashuka kununua smokie. Kurudi, majaribio yote 62 yameanguka: muda umekwisha. Bosi anasema nimwombe jamaa wa mtandao afungue poti, yaani mlango wa kuingilia seva kutoka nje, "wiki moja tu". Nimemwomba. Ameniangalia kana kwamba nimemwomba figo.

Kipanya_Kasarani
Figo ingekuwa nafuu! Anwani za 10, za 192.168 na za 172.16 hadi 172.31 ni za ndani tu, intaneti haizipitishi. Usimwite mgeni aingie. Weka rana, kile kiprogramu cha kuendesha majaribio, kwenye mashine iliyo humo humo ofisini. Ya GitHub au ya GitLab, zile huduma za kutunza msimbo, zote hutoka zenyewe kwenda kuuliza kazi kupitia poti 443, kwa hiyo hakuna poti ya kufunguliwa kuingia. Vivinjari usihangaike: Playwright, programu ya kujaribu kurasa za wavuti, huendesha Chromium, Firefox na WebKit hapo hapo.

Testa_Upperhill
Kuna Dell moja kuukuu yenye RAM ya GB 8, naiona inakula vumbi. Lakini M-Pesa je? Majibu ya Daraja, ule mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, yanatoka nje kuja kwetu.

Shangazi_Kodi
Hapo ndipo penye kazi, mwanangu. Daraja inataka anwani ya HTTPS inayofikika hadharani. Kwa majaribio ya kila siku, andika Daraja ya uongo humo ndani, irudishe majibu yale yale. ResultCode 0 ni malipo yamepita, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja ameghairi. Hiyo 1032 usiiruke. Nilikokuwa zamani tulijaribu 0 peke yake, mteja akaghairi, mfumo ukaandika amelipa. Tulikesha siku 2 tukilinganisha hesabu. Daraja halisi ijaribu mara chache kwa sandbox, yaani mazingira yake ya majaribio, na nje uweke kipokezi kidogo tu, mfumo wenu uende kuyachukua majibu pale. Halafu, hifadhidata ya majaribio ina nini ndani?

Testa_Upperhill
Nakala ya wanachama. Majina, vitambulisho, simu.

Shangazi_Kodi
Na mlitaka kufungua poti! Badilisheni data hiyo leo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiulizi kama ilikuwa seva ya majaribio.

Testa_Upperhill
Mrejesho, Ijumaa: data ni ya kubuni sasa, Dell inafanya kazi. 58 yamepita. Manne yameanguka, na safari hii makosa ni yetu kweli: riba inakokotolewa mara mbili mkopo ukilipwa siku ya mwisho ya mwezi. Jamaa wa mtandao leo kanisalimia yeye kwanza.