Msaada: kutoka Moondrop Chu II kwenda Sennheiser IE 200, tofauti ipo kweli?

Kimara_Mwisho
Wakuu habari za jioni. Natumia Moondrop Chu II, hedifoni za masikioni za waya, zile za kama dola 20. Nimezipenda, ila naona zimefika mwisho wa uwezo wake. Kuna ndugu yangu anarudi kutoka Dubai mwisho wa mwezi na yuko tayari kunibebea Sennheiser IE 200. Zilipotoka mwaka 2023 ziliuzwa dola 150, yaani zaidi ya mara saba ya nilizonazo. Rafiki mwingine anasema niongeze hela nichukue za Bluetooth zenye kuzima kelele. Nataka kusikia kwa waliozivaa: tofauti ipo, au nalipia jina?

fundi_waya
Mkuu, hujatuambia kitu. Simu gani? Ina tundu la hedifoni au unapitia adapta? Unasikiliza muziki gani, na unautoa wapi? Unasikilizia wapi, chumbani au barabarani? Na "zimefika mwisho" ndiyo nini: besi haipo, sauti za juu zinachoma, au zinakuwa ndogo hata ukifungulia zote? Jibu hayo kwanza.

Bint_Mkunazini
Na vipira je? Unatumia vile vilivyokuja kwenye boksi? Kipira kisipoziba sikio, besi yote inatoka nje, hata uvae za dola elfu moja. Mimi sikio la kushoto linataka saizi kubwa kuliko la kulia, na nilikaa muda mrefu nikidhani upande mmoja umeharibika. Jaribu vya sponji kabla ya kumtuma mtu Dubai.

Thika_Rodi
Mimi niko Nairobi na nakwambia achana na waya kabisa. Kwa matatu waya unashikwa na mkoba wa mtu, unavutwa, simu inaanguka. Nina Sony WF-1000XM5 na siwezi kurudi nyuma. Injini ya basi inapotea kabisa. Ndugu, ukishazoea huo utulivu hutauliza tena habari za Sennheiser.

fundi_waya
Injini inapotea, sawa. Kondakta je? Kuzima kelele kunafanya kazi vizuri kwenye mngurumo mzito unaoendelea bila kukatika, kama injini, feni au ndege. Mtu anayepiga kelele pembeni yako, honi, mtoto analia, hizo bado zinapita kiasi. Kipira kilichoziba vizuri ni kinyume chake: kinazuia sana sauti za juu na za kati, na mngurumo ndio unaobaki. Kwa hiyo mtu aseme anakimbia kelele gani.

Mzee_wa_Solo
Vijana, mbona hakuna aliyetaja kampuni ya Etymotic? Hawa ndio walioleta hedifoni za ER-4 mwaka 1991, wakati wengi wenu hamjazaliwa. Kile kipira chake cha ngazi tatu kinaingia ndani sana na ulimwengu unanyamaza bila betri wala chaji. Gitaa la solo linasikika kila kidole kinapogusa uzi. Besi si ya kutikisa kichwa, lakini ipo pale mpigaji alipoiweka. Mwaka wa ngapi huu navaa hizo na sijaona sababu ya kubadilisha.

Thika_Rodi
Mzee wangu, shikamoo, lakini kile kitu kinaingia hadi kwenye ubongo. Nilijaribu cha rafiki yangu, dakika chache tu nikakitoa.

Mzee_wa_Solo
Marahaba. Unakilowesha kidogo, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili, kinaingia chenyewe. Watu wanakisukuma kikiwa kikavu halafu wanakilaumu.

Dada_Chumbageni
Naomba nieleze yaliyonikuta kabla mtu hajatoa pesa yake. Nilitaka za Bluetooth za kampuni kubwa, zenye kuzima kelele, kwa sababu nashona nyumbani na jirani ana jenereta. Niliuza cherehani yangu ya zamani kupata hela. Duka lilikuwa la kioo, lina kiyoyozi, boksi limefungwa nailoni, namba za usajili zipo, kitabu cha maelekezo kipo. Nilipoziunganisha, simu ikaleta picha na jina kamili, mpaka asilimia za betri ya kulia na ya kushoto. Nani angeshuku? Muziki ulisikika vizuri tu. Kilichonitia wasiwasi ni jenereta: nikiwasha ile sehemu ya kuzima kelele, nikiizima, mngurumo ni uleule. Nikarudi dukani, nikaambiwa nizichaji usiku kucha. Nikazichaji. Baadaye ya kushoto ikazima na haikuwaka tena. Nikadai warantii, nikaambiwa warantii haihusu betri. Nilipompelekea fundi akaifungua mbele yangu: pale nje panapoonekana tundu la maikrofoni pana plastiki tupu. Na bila maikrofoni ya nje kusikia kelele, hakuna kitu cha kuizima. Mpaka leo naumia. Ukinunua za aina hiyo, zijaribu karibu na injini inayonguruma kabla hujalipa. Picha kwenye simu isikudanganye.

Bint_Mkunazini
Pole sana dada yangu. Hili la kujaribu karibu na injini ni la kuandikwa juu kabisa ya uzi huu.

Kimara_Mwisho
Pole dada. Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Majibu: simu ni Samsung ya daraja la kati, haina tundu la hedifoni. Natumia adapta ya Apple ya USB-C aliyonipa mfanyakazi mwenzangu. Nasikilizia kwenye basi la mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni, asubuhi na jioni. Muziki ni dansi la zamani, bendi za Msondo na Sikinde zaidi, na taarabu ya Unguja. Faili nyingi ni za YouTube na za kwenye magrupu ya WhatsApp. Shida yangu: nikifungulia mpaka mwisho bado sauti haijai, na gitaa la besi nalihisi kwa mbali.

fundi_waya
Hapo sasa tunaongea. Mkuu, hiyo adapta ni nzuri sana kwenye iPhone yenye USB-C na kwenye kompyuta, lakini kwenye simu nyingi za Android inatoa sauti ndogo, kwa sababu simu haiipandishi ipasavyo. Hili linajulikana. Azima adapta nyingine, hata ya bei ya chini ya Samsung wenyewe, usikilize wimbo uleule. Unaweza kukuta hedifoni zako hazina tatizo lolote.

Thika_Rodi
Lakini hata sauti ikijaa, IE 200 bado ni hedifoni bora. Tusimnyime mtu kitu kizuri kwa sababu ya adapta.

Mpiga_Ngoma
Ninazo IE 200. Ni nyepesi, sizihisi sikioni, na ala zinaachana vizuri: tumba huku, ritimu kule, mwimbaji katikati. Spika yake ni moja ya milimita 7, wakati Chu II ina ya milimita 10, kwa hiyo msihesabu ukubwa. Kipira kinakaa sehemu mbili kwenye shingo yake na besi inabadilika ukikihamisha. Anza na hilo kabla hujasema besi haitoshi. Ubaya: tundu la waya limezama ndani, waya nyingi za kampuni nyingine hazikai. Na kwa faili za WhatsApp, nikuambie ukweli, utasikia kwa uwazi zaidi jinsi zilivyo mbovu. Nyimbo zile zilirekodiwa kwenye kanda pale Redio Tanzania (RTD), zikahamia kwenye kaseti, kaseti ikaingia kwenye kompyuta ya mtu, kila hatua imeacha mchakacho wake. Kwenye Chu II mchakacho unajificha kidogo. Kwenye IE 200 unakaa mbele.

Mzee_wa_Solo
Mimi nautaka huo mchakacho. Sikinde ya mwanzoni, ile ya baada ya 1978, ukisikia pumzi ya saksafoni na kanda ikichakacha nyuma yake, unajua uko na kitu cha kweli. Msondo hawakuwahi kupanga saksafoni namna ile.

Mpiga_Ngoma
Mzee, kwa heshima zote, hapo hapana. Msondo wana mizizi ya tangu NUTA Jazz, 1964. Na mwimbaji Gurumo ambaye Sikinde wanajivunia alitoka wapi? Alikuwa NUTA kabla ya Mlimani Park, yaani Sikinde, na baadaye alirudi Msondo, akabaki huko.

Mzee_wa_Solo
Alirudi, lakini alikuwa ameshaifundisha Sikinde kusimama. Na Michael Enoch wa Sikinde je? Nitajie mtu wa Msondo aliyepanga ala kama King Enoch.

Bint_Mkunazini
Jamani, mwenzetu ana wiki chache tu. Na mimi nataka kusema la taarabu: kanuni, ile ala ya nyuzi, na fidla ndizo zitakazokuonesha tofauti, kuliko dansi. Fidla nyingi zikipiga pamoja kwenye hedifoni duni zinakuwa uzi mmoja mkali unaochoma. Kwenye nzuri unasikia ni watu kadhaa. Jambo jengine, usizibe pengo la kelele za basi kwa kufungulia sauti. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80, saa 40 kwa wiki, zaidi ya hapo unayadhuru masikio. Kipira kizuri kinakuruhusu kusikiliza kwa sauti ndogo, na hiyo peke yake inatosha kulipia.

Kimara_Mwisho
Asanteni sana. Nimeazima adapta ya dada mmoja ofisini. Sauti imepanda kweli, na besi sasa naisikia, ingawa kwenye mwendokasi ukijaa bado inamezwa. Ndugu yangu wa Dubai anataka jibu Ijumaa. Moyo unataka IE 200.

fundi_waya
Nunua vipira vya sponji kwanza, usikilize wiki moja.

Mpiga_Ngoma
Wiki moja na Dubai imeshaondoka. Mwambie achukue.

Dada_Chumbageni
Achukue kwa wakala mwenye risiti, tafadhali.

Zuwena_Moshi
Samahani kuingilia uzi. Hedifoni zangu waya umekatika karibu na pini. Nimejaribu kuunga kwa risasi, haishiki kabisa, inateleza. Kuna dawa?

fundi_waya
Zile nyuzi nyembamba zimepakwa vanishi, ndiyo maana zina rangi nyekundu, kijani na shaba. Choma ncha kwa kiberiti kidogo tu, au weka risasi nyingi kwenye ncha ya hasola, kile chuma cha moto cha kuungia, na uizungushe humo mpaka vanishi iungue. Ikishaonekana shaba tupu, risasi itashika. Ya kushoto mara nyingi ni kijani au buluu, ya kulia nyekundu, ya shaba ni ya pamoja, lakini pima kwa mita kabla ya kufunga.