Vichupa vya Queen: kipi kinaigika kwa kamera moja na TV ya nyumbani?

PambaNyeusi
Wakuu, tuko wanne. Tuna DSLR (kamera ya kubadilisha lenzi) moja ya kawaida, lenzi ya mm 50, TV ya inchi 32 yenye HDMI, na chumba cha mita 4 kwa 5. Tunataka kuiga kichupa kimoja cha Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Vimebaki vitatu: Bohemian Rhapsody (1975), Radio Ga Ga na I Want to Break Free (vyote vya 1984). Kipi kitatoka vizuri, na ugumu uko wapi?

Baraza_Shangani
Bohemian, wala usijiulize. Bruce Gowers alikirekodi kwenye studio za Elstree kwa saa nne hivi, kwa pauni 4,500, kwenye mkanda wa video, na madoido yote yalifanyika palepale mbele ya kamera. Hakuna kompyuta humo. Kijana wetu wa Unguja, Freddie Mercury, alibebwa na taa, kioo na giza tu.

Vile vichwa vinne gizani vimetoka kwenye jalada la albamu ya Queen II alilopiga mpiga picha Mick Rock mwaka 1974, naye aliiga picha ya mwigizaji Marlene Dietrich. Nyuma tundika kitambaa cheusi kisichong'aa (kaniki inafaa, satini inarudisha mwanga). Kaeni mita 1.5 mbele yake, kamera iwe mita 3 kutoka kwenu. Urefu wa chumba chako unatosha kwa kubana. Taa ni moja tu, juu, imezungushiwa bomba la karatasi nyeusi ili mwanga usimwagike ukutani. Isogezeni mbele kidogo ya vichwa. Ikiwa wima kabisa, macho yanakuwa mashimo. Mwimbaji akae chini mbele, mikono imepishana kifuani. Wawili nyuma ya mabega yake, wa nne juu kabisa. Weka f/5.6 (tundu la lenzi; namba ndogo ndiyo tundu kubwa), maana kwenye f/1.8 yule wa nyuma anakuwa ukungu.

Rola_za_Nywele
Napinga. Mwenye chumba cha mita 5 achukue Break Free. David Mallet alikijenga kama dhihaka ya Coronation Street, tamthilia ya TV ya Uingereza: sebule, mashine ya kufyonza vumbi, mpiga gitaa Brian na rola kichwani, Roger kavaa kama msichana wa shule, John bibi kizee, na Freddie kwenye sketi ya ngozi huku masharubu yapo palepale. Mwanga ni wa sebuleni, kosa la taa halionekani. Kinachoharibu ni waigizaji kucheka. Wale wanne wamekaza nyuso kama wanalipa kodi ya nyumba, na kichekesho chote kiko hapo. Ile sehemu ya baleti iacheni, wenzenu walichukua wachezaji wa Royal Ballet.

PambaNyeusi
Na Radio Ga Ga?

Rola_za_Nywele
Zile safu za watu wanaopiga makofi juu ya kichwa zilikuwa mashabiki wapatao 500. Mkiwa wanne mtaonekana mko mazoezi ya viungo. Vipande vya filamu ya Metropolis ya 1927 vilivyomo navyo vina mambo ya haki miliki. Pita.

Fundi_Mkanda
Narudi kwenye Bohemian, maana sehemu ya opera, ile ya katikati inayoimbwa kama opera, ndiyo inayowashinda wengi. Kuna mbinu mbili na watu huzichanganya.

Uso kujirudia kama sega la nyuki ni kioo chenye pande nyingi mbele ya lenzi. Vinauzwa vya kufunga kwa skrubu. Soma kipenyo karibu na alama ya Ø mbele ya lenzi kabla hujanunua. Fungua lenzi f/2 hadi f/2.8 nyuso ziyeyukiane. Ukiibana f/11, mipaka ya kioo inaonekana kama nyufa.

Uso unaokimbia kuelekea ndani ni kamera kuelekezwa kwenye TV inayoonyesha picha ya kamera hiyohiyo. Unganisha HDMI, futa maandishi yote ya menyu kwenye skrini, mwimbaji asimame pembeni mwa TV ili wote wawili waingie kwenye fremu. Kamera ikilala upande kidogo, msururu unajipinda. Zima fokasi na mwanga wa otomatiki, la sivyo kamera inapapasa na katikati panakuwa peupe. Shata 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa Hz 50. Punguza mwangaza wa TV hadi nakala ya tatu au ya nne ianze kufifia. Ukiona mistari ya mawimbi, legeza fokasi kidogo sana.

TV za kisasa huchelewesha picha, hivyo kila nakala inafuata kwa kuchelewa. Washa hali ya michezo ya video, itapungua ingawa haitaisha. TV ya chogo kwa kamera ya zamani haina tatizo hilo.

Pambo_la_Bolan
Mbona hakuna T. Rex, bendi ya Marc Bolan? Pambo la kumetameta chini ya macho, gitaa, basi.

Fundi_Mkanda
Kwa mavazi, sawa. Ila hayo mengi ni maonyesho ya Top of the Pops, kipindi cha muziki cha TV ya BBC, na BBC ilifuta mikanda mingi ya miaka hiyo. Utaiga kutoka kwenye nakala mbovu.

PambaNyeusi, usirekodi kwa simu. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe, na wimbo una dakika 5 na sekunde 55. Midomo itaanza kuachana na pleibeki kabla hamjafika kwenye opera. DSLR, fremu 25 kwa sekunde, kofi moja mwanzoni mwa kila sini ili upate pa kulinganishia sauti.