Ushauri: Msafara wa magari ya zamani kutoka Mwanza kwenda Arusha, tupite Singida au Serengeti?

MwanaNyegezi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za majukumu.

Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya wapenzi wa magari ya zamani hapa Mwanza. Mwezi wa Agosti tunatarajia kwenda Arusha kwenye mkusanyiko wa kitaifa wa wapenzi wa magari hayo, na tumekwama kwenye jambo ambalo vikao vya kamati vimeshindwa kulimaliza. Nimeona nililete kwenu ninyi msio na upande.

Magari yaliyojiandikisha ni 11, mengi yakiwa Land Rover za Series III, pamoja na Peugeot 504 mbili, pikapu ya Datsun 1200 na Land Cruiser moja ya zamani. Vijana wanataka tuondoke alfajiri kwa njia ya Shinyanga, Nzega, Singida na Babati, tulale Arusha siku hiyo hiyo. Mwasisi wa klabu, mzee wetu ambaye sote tunamheshimu, anataka tupite Lamadi, tuingie Serengeti kwa geti la Ndabaka na tutokee Ngorongoro, kwa kuwa ndiyo njia fupi na ndiyo aliyoizoea enzi zake akiwa dereva wa serikali.

Ugumu ni kwamba gari la mzee ndilo dhaifu kuliko yote. Ni Land Rover 109 yenye injini ya petroli ya lita 2.25, nayo huchemsha ikipanda mlima au ikibeba mzigo. Fundi wa kwanza aliitoa themostati (kile kifaa kinachoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta yakipata moto) akaitupa, na wa pili amesema gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua, lakini hakutuonyesha alichokiona. Tulipopendekeza gari lipakiwe kwenye lori, mzee alijibu kwamba gari lililofika mkutanoni likiwa juu ya lori halijafika.

Naomba ushauri kuhusu njia, na kuhusu namna ya kuzungumza na mzee bila kumvunjia heshima.

Tochi_ya_Tinde

Mkuu, hilo la siku moja liondoeni mezani kabla ya mengine yote. Mwanza hadi Arusha kwa kupitia Singida ni takribani kilomita 800, na Series III iliyotunzwa vizuri hutembea kwa raha kati ya 65 na 75 kwa saa. Mkitoa vijiji vyote vyenye alama ya 50, matuta, kujaza mafuta magari 11 kwenye kituo chenye pampu mbili, pamoja na haja za abiria, wastani wenu hautazidi 50. Hizo ni saa 16, maana yake kipande cha Babati hadi Makuyuni mtakipita usiku, na hapo ndipo wanyama huvuka kati ya Tarangire na Manyara katika ushoroba wa Kwakuchinja. Taa za Datsun 1200 hazimwoni punda milia mpaka awe amefika kwenye bampa. Laleni Singida.

BintiMagu

Mwangaluka. Mimi natokea Magu na njia ya Ndabaka naifahamu, kwa hiyo nisieleweke kwamba naipinga kwa kuiogopa. Mzee amesema kweli kuwa ni fupi, na kwa kuwa Agosti ni kiangazi, ule udongo mweusi wa upande wa magharibi unaoyameza magari wakati wa masika hautawasumbua. Kitakachowasumbua ni changarawe iliyojikunja mawimbi mawimbi, ambayo hulegeza nati, hukata nyaya za betri na hupasua vishikio vya rejeta, tena kwa mwendo ambao kisheria hauruhusiwi kuzidi 50 ndani ya hifadhi.

Fikirini pia gari likigoma kati ya Seronera na Naabi. Pale hakuna bodaboda wa kumfuata fundi, wala dereva haruhusiwi kuchukua dumu na kutembea kwa miguu kutafuta maji. Vibali ni vya mamlaka mbili tofauti, TANAPA kwa Serengeti na mamlaka ya Ngorongoro kwa upande wake, hulipwa kwa kila mtu na kwa kila gari, na huhesabiwa kwa saa 24. Kuharibikiwa kwa gari moja, kama wengine wote watalisubiri, ni kulipia magari 11 upya.

Baada ya hapo mnapanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, takribani mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ilhali Mwanza iko kwenye mita 1,140 hivi. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, na karabureta iliyopangwa huku ziwani itakuwa ikimwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo kule juu. Gari linalochemsha kwenye kilima cha Bugando halina sababu ya kupelekwa huko.

FundiMabatini

Ndugu katibu, kabla hamjalihukumu gari la mzee naomba majibu ya maswali yafuatayo, kwa sababu ninyi mnajadili njia wakati ugonjwa wenyewe haujajulikana.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungueni mfuniko wa rejeta na kuwasha gari. Je, mnaona mapovu yakipanda mfululizo bila kukoma? Mkisharudisha mfuniko na kuwasha tena, je, mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu ndani ya dakika moja hivi, kabla maji hayajapata moto? Je, oili kwenye kijiti cha kupimia ina rangi ya maziwa? Majibu yakiwa ndiyo, fundi wa pili yuko sahihi na hedi ifunguliwe. Yakiwa hapana, msimruhusu mtu yeyote kuigusa hedi, maana kwenye injini za umri ule bolti moja ikikatikia ndani mtakuwa mmenunua tatizo ambalo hamkuwa nalo.

Jambo lingine, chukueni tochi muingie mbele ya gari, mmulike mapezi ya rejeta kutokea upande wa feni. Mwanga usipopenya, nijulisheni.

Themostati irudishwe. Imani ya kwamba nchi yetu ni ya joto na kwa hiyo haihitajiki imeua injini nyingi hapa mjini. Injini hiyo ina mpira mdogo wa pembeni, na themostati inapofunguka ndiyo inayoufunga. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto huzunguka kupitia mpira huo na kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

MwanaNyegezi

Fundi, ahsante sana. Leo jioni nimekwenda kwa mzee nikiwa na tochi. Mapezi ya rejeta yamejaa vile vijidudu vya ziwani vinavyotanda kama moshi majini, vimekauka na kushikana na mbegu za nyasi na grisi, kiasi kwamba katika nusu ya chini mwanga haupenyi kabisa. Tulipochokoa kwa kijiti cha mshikaki kilitoka kitu mfano wa liwa iliyokauka. Kipimo cha mapovu tutakifanya kesho asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha.

Ndugu wa Bukoba mlioomba kujiunga nasi, na wengine mnaotaka, karibuni.

Kagera_Cruiser

Nashukuru kwa kunikaribisha. Sisi wawili, kila mmoja na gari lake, tunatokea Bukoba. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, kuja Mwanza kupitia Chato na Geita hakuna tena foleni ya kivuko, lakini kwa safari hii naona ni kuzunguka bure. Tutashuka Lusahunga, Nyakanazi na Kahama, tuwasubiri Tinde. Wenzetu wa Sengerema na Geita ndio watakaovuka daraja na kukutana nanyi Usagara bila kuingia mjini.

Iramba_Kwetu

Kwa njia ya Singida niwape ya huku kwetu, kwa kuwa wengi huizungumzia kama vile ni tambarare yote. Kuanzia Tinde mtaingia kwenye barabara ya malori yanayokwenda na kutoka Rwanda, Burundi na Kongo, na mtakuwa nayo hadi Singida. Kutoka Nzega hadi Igunga na bonde la Wembere hamtaona shida, isipokuwa joto la mchana. Shida iko Sekenke. Mtaufikia mlima ule mkitokea bondeni, injini zikiwa zimeshapata moto, na mbele yenu kutakuwa na lori lenye tela linalopanda kwa gia ya kwanza. Dereva asiye na subira hujaribu kulipita kwenye kona, na mwenye subira hubaki nyuma akivuta moshi na joto la lori, gari lake likichemka. Simameni kabla ya mlima, injini zipoe, kisha mpande magari matatu matatu, kila kundi likisubiri lililotangulia lifike juu.

Siku ya kurudi mlima huo huo utazipima breki, kwa hiyo shukeni kwa gia ileile ambayo mngepandia.

Maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi katika mwinuko wa mita 1,500, ambao ndio wa Singida mjini, si nyuzi 100 kama tulivyofundishwa shuleni. Mfuniko wa rejeta ndio unaoyabana maji yasichemke mapema, na wenye springi iliyochoka hamtauona ubaya wake hapo Mwanza, mtauonea huku. Pia upepo wa Singida si wa mchezo, na Land Rover yenye turubai na mizigo juu ya paa itakula petroli zaidi ya mliyozoea.

Kuanzia Singida mjini malori ya masafa marefu yanawaacha yakielekea Manyoni, na barabara ya Katesh hadi Babati, ikipita chini ya mlima Hanang, ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika safari nzima. Kipangeni asubuhi.

Mama_wa_504

Nimesoma yote, na naona swali la pili la katibu limeachwa njiani. Mimi nimekuwa kwenye misafara ya namna hii pamoja na marehemu mume wangu, na magari yakipangwa vibaya watu hurudi hawasalimiani.

Msimwambie mzee kuwa gari lake ni bovu, wala msimpelekee uamuzi wa kamati ukiwa umeandikwa kwenye karatasi. Waende watu wawili, mmoja awe wa rika lake au anayemkaribia, wamwombe awe kiongozi wa msafara na gari lake litangulie. Hiyo ni heshima ya kweli, kwa sababu mwasisi ndiye anayestahili kuingia Arusha akiwa wa kwanza. Vilevile ndiyo busara ya barabarani, kwa kuwa gari dhaifu likiwa mbele wote watafuata mwendo wake, lakini likiwa nyuma litalazimishwa kuwafukuza wenye nguvu, nalo litachemka kabla hata ya Shinyanga. Akishakubali kuongoza, mwulizeni yeye kama kiongozi: je, magari yote 11, pamoja na Datsun ya yule kijana, yanaweza kupita Serengeti salama? Mwacheni ajibu mwenyewe. Dereva wa serikali wa zamani hawezi kuwaingiza watu porini kwa ubishi.

Tochi_ya_Tinde

Mama, shikamoo. Nakubaliana nawe isipokuwa kwa jambo moja. Mzee akiwa wa kwanza na mshale wa joto ukapanda, ataona aibu kusimamisha msafara wote nyuma yake, kwa hiyo atajikaza. Mimi ningemweka wa pili.

Mama_wa_504

Marahaba mwanangu. Akiwa wa pili atajua sababu yake kabla hajafunga mlango. Mwekeeni kijana mwenye adabu kwenye kiti cha pembeni, kazi yake iwe kutazama mshale na kuomba kusimama kwa ajili ya haja ndogo.

FundiMabatini

Katibu, kwa uliyoyaona kwenye mapezi, naanza kupumua. Msipige maji ya presha kutokea mbele, maana mtasukuma uchafu ndani zaidi na kuyalaza mapezi. Itoeni rejeta, iloweke kwa maji ya sabuni, kisha pitisheni maji ya bomba la kawaida kutokea upande wa injini. Fundi wa rejeta afungue tangi la juu na la chini apitishe chuma chembamba kwenye vijia vya ndani. Nunueni mfuniko mpya na fenibelti mpya, na ya zamani ibaki kwenye gari kama akiba. Hakikisheni taimingi na platini ziko sawa, kwa sababu moto wa plagi ukichelewa injini huchemka hata rejeta ikiwa mpya.

Wenye magari mengine msicheke. Someni tarehe za matairi yenu: tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 3212 ni wiki ya 32 ya mwaka 2012. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri na bado likapasuka Igunga saa nane mchana.

MwanaNyegezi

Taarifa fupi. Hakuna mapovu, mpira haukakamai, oili ni safi. Rejeta iko kwa fundi, themostati imepatikana, na hedi haijaguswa.

Wazee wawili wamekwenda kwa mwasisi na kurudi wakiwa wamekula samaki. Amekubali kuongoza, na amesema yeye mwenyewe kwamba tupite Singida, kwa sababu ya Datsun. Gari litakalotangulia bado anataka liwe lake, na hapo hatujamjibu.

Jumapili tunayapakia magari yote mzigo kamili, tunakwenda Bunda na kurudi, tukiondoka saa tano ili jua litukute barabarani. Kwa hesabu yangu, Land Rover ya petroli inayotembea kilomita sita kwa lita itahitaji lita zisizopungua 130 kwenda tu, bila upepo wa Singida, kwa hiyo michango nitaipanga baada ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, kutangaza bei kikomo za mafuta za Agosti. Anayefahamu nyumba ya wageni ya bei nafuu Singida mjini yenye uwanja wa kuegesha magari 13 ndani ya uzio, naomba anielekeze.

Iramba_Kwetu

Ipo, karibu na stendi ya zamani. Nitakutumia namba kwa ujumbe wa faragha, lakini wahini kulipa kianzio, na waambieni mapema kwamba geti lifunguliwe saa kumi na moja alfajiri.