Kwa nini ukinzani wa ngano dhidi ya kutu huvunjika?

Swali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninajifunza uzalishaji wa mbegu, na kuna jambo linalonitatiza. Aina ya ngano ikipimwa ingali miche na ikaonekana haishikwi kabisa na kutu ya shina, ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu, husambazwa kwa matumaini makubwa, kisha baada ya miaka michache hushambuliwa kana kwamba haikuwahi kuwa na kinga. Zipo nyingine ambazo kila msimu hutokwa na vipele vichache vya kutu, na bado hudumu kwa miongo. Tofauti yao kijenetiki ni ipi? Na kama jeni moja haitoshi, kwa nini zisiwekwe nyingi katika mmea mmoja tangu mwanzo?

Jibu la kwanza

Salaam, ndugu. Kinga hizo mbili hazifanyi kazi kwa namna moja.

Ile inayoonekana kwenye miche kwa kawaida hutokana na jeni moja yenye nguvu, inayotengeneza protini ya kutambua adui ndani ya seli. Kuvu wa kutu akiingiza protini zake ili kuudhoofisha mmea, mojawapo ikatambuliwa, seli iliyovamiwa hujiua mara moja, na kwa kuwa kuvu huyo huishi katika tishu hai tu, hukwama hapohapo. Ukilitazama jani kwa karibu utaona vidoadoa vidogo vilivyokauka, bila unga wa rangi ya kutu. Udhaifu wake ni kwamba yote hayo yanategemea protini moja ya kuvu. Ikibadilika au ikipotea, jeni ya ngano ingali nzima lakini haina tena cha kutambua, na vijimbegu, yaani chembe za uzazi, vya kuvu aliyebadilika husafiri kwa upepo masafa marefu.

Mfano ulio wazi ni Sr31, jeni iliyohamishwa kutoka nafaka ya rai na kutegemewa katika mashamba mengi duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilionekana Uganda kutu ya shina iliyoishinda, ikaitwa Ug99. Sr24 nayo ilishindwa nchini Kenya mwaka 2006, na Sr36 mwaka uliofuata. Tazama mpangilio huo: jeni zilizotegemewa mojamoja zilimpa kuvu nafasi ya kuzivuka mojamoja.

Jibu la pili

Naongeza upande wa pili, ambao kwa maoni yangu haupewi heshima unayostahili. Aina zinazodumu mara nyingi zina jeni za kinga ya mmea uliokomaa, ambazo hazimzuii kuvu asiingie, bali humchelewesha: vipele huwa vichache na vidogo, na huchukua muda mrefu zaidi kutoa vijimbegu. Lr34, iliyotambuliwa muundo wake mwaka 2009, si jeni ya kutambua adui hata kidogo. Hutengeneza protini ya kusafirisha vitu katika utando wa seli, na hupunguza kutu ya majani, kutu ya manjano na hata ubwiri unga, ugonjwa mwingine wa kuvu. Mwenye jicho zoefu huihisi shambani kwa ncha ya jani la juu kabisa, inayokauka pasipo ugonjwa wowote.

Sr2 nayo ilichukuliwa kutoka ngano ya kale ya emmer katika miaka ya 1920, na ingali inasaidia hadi leo. Huambatana na weusi kwenye makapi ya suke na kwenye shina, weusi ambao mtu asiyeujua anaweza kuudhania maradhi na kuung'oa mmea aliopaswa kuutunza. Jeni moja ya aina hii, ikiwa peke yake na ugonjwa ukiwa mkali, haitoshi. Nne au tano zikikutana, mmea hukaribia kutoshikwa kabisa.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Lakini kama jeni yenye nguvu inazifunika zile dhaifu, mzalishaji atajuaje kwamba zote zimo?

Jibu la kwanza

Kwa macho hatajua, na hapo ndipo penye ugumu. Mmea wenye jeni mbili zenye nguvu huonekana sawa na wenye moja, kwa hiyo hutumika alama za DNA, yaani vipande vinavyotambulika maabara, vilivyo karibu na kila jeni. Hata hivyo ngano ina kromosomu 42 zilizotoka kwa mababu watatu, na jeni unazozitaka zimetawanyika. Kila unapochanganya aina mbili, jeni hizo hutengana na kugawanyika upya, na zile zilizotoka kwa nyasi za porini huburuta jeni jirani zinazoweza kupunguza mavuno. Mwaka 2021 watafiti walionyesha njia nyingine: waliunganisha jeni tano, yaani Sr22, Sr35, Sr45, Sr50 na Sr55, zikaingizwa mahali pamoja na kurithiwa kama jeni moja. Huo ni uhandisi jeni, na si kila nchi inauruhusu shambani.

Jibu la pili

Kwa zile za kuchelewesha, usihukumu kwa kipimo cha miche pekee. Panda shambani penye ugonjwa mwingi, na usome kiwango cha kutu mara kadhaa hadi ngano inapojaza punje, kwa sababu unachokitafuta ni kasi ya kuenea kwa kutu, na kasi haionekani kwa kusoma mara moja.